Maziwa ya Soseti

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyokuwa inafika kwanza. Kabla hujamwona Directeur mwenyewe, kabla hujasikia kijiko chake kikigonga kikombe, harufu ya karanga mbichi zilizolala ndani ya maji ilikuwa imeshapenya kwenye ua na kuingia kwetu. Inanuka kama gunia lililonyeshewa, halafu likaanikwa mahali pasipo jua. Mimi niko nje kwenye mlango wa parcelle yetu, kiwanja chetu, hapo mtaa wa Saio, Bunia, mbabula, jiko la makaa, inawaka, mafuta yanaimba, mandazi yanavimba ndani ya sufuria kama mashavu ya watoto wenye afya, na roho yangu iko mbali, naota restaurant yangu ya baadaye, yenye vitambaa mezani na pazia la maua mlangoni. Halafu ile harufu inanifikia. Nakuambia ukweli, hata ndoto ilikuwa inanywea.

Siye wote tulimwita Directeur. Aliongoza shule ya msingi ya mtaa mpaka alipopumzishwa. Shule ikapata directeur mwingine, lakini jina lilimfuata nyumbani kama mbwa aliyezoea kulishwa. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ua wa miti myembamba tu, na mimi niliyelelewa na Koko, yaani mama ya mama yangu, nilikua nikimwona kila asubuhi kwenye kiti chake cha mbao, bakuli magotini. Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, na bado lile bakuli sijalizoea.

Acha nikueleze kilichokuwemo. Kiazi kitamu kibichi, kimekunwa, kimeshaanza kuwa na rangi ya maji ya kufulia. Majani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, ambayo hayajapita hata karibu na moto, yamekatwa na mkasi. Papai pamoja na mbegu zake nyeusi, zile zinazoteleza kama mayai ya chura. Bamia mbichi, na kama hujui bamia mbichi ni nini, mwangalie konokono akipita juu ya jiwe. Na juu ya hayo yote alimwaga maziwa yake ya karanga, meupe yasiyo meupe, na povu la rangi ya udongo. Baridi. Kila kitu baridi. Akiinua kijiko, uzi wa bamia unakifuata mpaka mdomoni. Anaukata kwa ulimi, anameza, anasema "Ahaa," kama mtu aliyekula kuku.

Na hayo maziwa, jamani, aliyachuja kwa soseti.

Ndiyo, soseti ya kuvaa mguuni. Nyeupe, ya mwanaume, ndefu. Alizitwanga karanga kwenye kinu kidogo, akaongeza maji, akamimina vyote ndani ya soseti, akaikamua kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo, na pale mbele, mahali ambapo vidole vya mtu vinapaswa kukaa, maziwa yakadondoka ndani ya kikombe. Haikuwa imevaliwa na mtu, hapana. Alizinunua mpya, akazifua, akazianika kwenye kamba yake peke yake, mbali na nguo nyingine. Lakini soseti ni soseti. Mwenyewe alivaa viatu bila soseti, vifundo vya miguu viko nje kama vya kijana, na watu wa mtaa walisema soseti za Directeur ziko kazini, zinapika.

Mtu wa namna hiyo unamcheka, unapita. Na mimi ningepita tu, kama maisha yangu yasingefika mahali pa kutegemea mdomo wake.

Josué, kijana aliyenipenda, anatoka kwenye familia ya wafugaji, nje ya mji kidogo. Kwao, watu wa mwanaume wanapokuja kuomba msichana wanakuja asubuhi, na kabla ya neno lolote wanatoa maziwa, yamekamuliwa alfajiri, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Baba ya msichana anakunywa wa kwanza. Akinywa, mmekuwa kitu kimoja, mnaweza kukaa na kuzungumza. Akikataa, hakuna haja hata ya kukaa. Wanafunga kibuyu, wanachukua fimbo zao, wanarudi kwa ng'ombe zao, na hakuna atakayewarudisha. Sasa mimi sina baba. Sina mjomba. Mama yangu alifia njiani wakati watu wanakimbia vita, siku ile ile aliyonizaa, na baba yangu hakuonekana tena. Nilipomwuliza Koko nani atakaa kwenye kiti cha baba, hakufikiri hata kidogo.

"Njo Directeur," alisema, yaani ndiye yeye. "Nani mwingine?"

"Koko! Ule mutu hakunywaka maziwa ya ng'ombe!"

"Atajua mwenyewe."

"Na akikatala?"

Koko aliendelea kuchambua maharagi yake. "Basi utabaki hapa, unauzisha mandazi. Mandazi iko mubaya?"

Nilizunguka na hofu hiyo kama mtu mwenye jiwe ndani ya kiatu. Ngoja nikuonyeshe alikuwa mtu wa namna gani, useme mwenyewe kama niliogopa bure.

Kwanza alikuwa na maneno yake, na alipoyasema alisimama, kidole juu, kana kwamba nyuma yake kuna ubao. Juu ya maziwa ya ng'ombe alisema: "Iko na mwenyewe. Mwenyewe njo ndama. Weye uko ndama?" Juu ya moto alisema: "Moto iko sawa vile mwalimu mukali. Wamoja anawatengeneza, wengine anawaharibu." Na akikuona unameza haraka: "Tafuna! Tumbo haina meno!" Hilo la mwisho aliwapigia hata wateja wangu, watu wazima na ndevu zao, wamesimama na mandazi ya moto mkononi, wanataka kwenda kazini.

Ukimwuliza kwa nini anakula hivyo, jibu lilitegemea aliyeuliza. Mfirmiye wa mtaa, yule mwuguzi, aliambiwa ni juu ya tension, presha ya damu. Jirani mwenye shamba aliambiwa makala ya kupikia inamaliza pori. Watu wa kanisa waliambiwa Adamu hakuwa na mbabula. Mimi nilimwuliza nikiwa bado navaa uniforme ya shule yake. Akaangalia ndani ya bakuli, akasema: "Juu inanipendeza." Halafu akachota, akameza, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemeza kinini. Mimi nilifikiri uso wa Directeur uko hivyo tu. Alikuwa na ule uso hata siku ya proclamation, akisoma majina ya waliofaulu.

Vijana wa moto, yaani pikipiki za kubeba watu, walimpenda na walimchosha. Walisimamisha pikipiki zao kwenye mbabula yangu kila asubuhi, na yeye kutoka upande wa pili wa ua alianza mafundisho juu ya mafuta yangu, kwamba yanafunga mishipa, kwamba mandazi moja ni tofali moja ndani ya tumbo. Mimi niko pale natafuta maisha! Siku moja kijana mmoja, mrefu, mwenye kofia ya kusokotwa, alimjibu:

"Papa Directeur, weye unakula sawa mbuzi. Lakini mbuzi ya kwetu iko munene kukushinda."

"Na mbuzi ya kwenu inajua kusoma?"

"Hapana, Papa."

"Basi umuulize alikuwa mu classe yako. Nilikuwa nawafundisha nyote wawili."

Tulicheka mpaka mafuta yakataka kuungua. Yule kijana kweli alikuwa mwanafunzi wake, akarudia mwaka, na kila mtu alijua. Directeur alisahau tarehe ya kuzaliwa kwake mwenyewe lakini hakusahau aliyeshindwa hesabu.

Pasta alimtembelea mara moja asubuhi. Mara moja tu. Directeur akamkaribisha vizuri, kiti cha mgeni, kitambaa cha mkono, bakuli lililojaa mpaka juu, kikombe cha maziwa pembeni. Pasta akaliombea lile bakuli. Akaomba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiombea mgonjwa. Akaombea mtaa, akaombea wasafiri wa barabara ya Mongbwalu, akaombea watu wa serikali, mpaka papai likaanza kuota inzi. Alipofumbua macho, bakuli bado lipo.

"Directeur," akasema, "nilisahau kukuambia. Niko mu kufunga."

"Tangu lini, Pasta?"

"Tangu sasa hivi."

Makapi yaliyobaki ndani ya soseti alimpa kuku wa Koko. Kuku yule alikula mende, alikula sabuni, siku moja alimeza kifungo cha shati langu. Makapi ya Directeur aliyadonoa mara moja, akarudi nyuma hatua kadhaa, akayaangalia na jicho moja, halafu na jicho lingine, akaenda zake.

Lakini usimdhanie mjinga. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, alitaka kupungua kabla ya harusi ya dada yake. Akamwona Directeur mwembamba kama fimbo, akafikiri ameipata dawa. Akaenda sokoni, akanunua sombe, yale majani ya muhogo, akayakatakata mabichi na nyanya na kitunguu, akakaa kwenye mlango wake kula. Directeur alikuwa anapita. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile, kiatu kimoja kilibaki njiani. Alipiga lile bakuli likaruka mpaka barabarani.

"Sombe mubichi! Unataka tuzike weye mbele ya harusi?"

"Si weye unakulaka mubichi, Papa?" Yule mama alikuwa karibu kulia.

"Mi nakula yenye Mungu aliruhusu! Sombe bila moto ni sumu, hata mutoto mudogo ya maternelle anajua! Mi si mujinga, Mama. Mi ni mubishi. Iko tofauti!"

Akarudi kuchukua kiatu chake. Jioni alimpelekea yule mama avoka mbili, za kuomba msamaha, na yule mama akazila na mkate.

Na jioni, hapo sasa ndipo ninapomshangaa. Ubishi wake ulikuwa wa asubuhi tu. Jua likifika katikati, Directeur alikuwa mutu kama weye. Bugali alikula, maharagi ya Koko alikula na kuomba ya kuongeza, na mara nyingi nilimwona mtaa wa Rwambuzi kwa mchoma nyama mmoja, amekaa kwenye benchi na mshikaki wa mbuzi, mafuta yanamtiririka kwenye kidevu. Nikamwambia: "Directeur! Na moto?" Akanijibu bila aibu: "Moto ya jioni haina matata." Mandazi yangu yenyewe, yale aliyoyaita tofali, aliyachukua yaliyobaki ya mchana na kuyala yakiwa yamepoa. Ukimwonyesha kwamba maneno yake yanapigana, alisema maneno yakipigana ni dalili kwamba yako hai.

Soseti alizinunua sokoni yeye mwenyewe, hakumtuma mtu. Alizitaka nyeupe tu. Aliinyoosha moja kwenye mwanga, akaiangalia nyuzi zake, akaingiza mkono, halafu akaweka mdomo kwenye tundu na kupuliza. Muuzaji alimwuliza: "Papa, hii ni ya kuvaa ama ya kupiga muziki?" Mimi nilikuwa pale natafuta unga wangu. Nilijificha nyuma ya magunia ili nisijulikane kwamba tunatoka parcelle jirani.

Kitu kimoja sikukielewa. Kila asubuhi alijaza vikombe viwili. Kikombe chake kikubwa cha plastiki, na kingine kidogo sana, cha bati, cha mtoto. Kile kidogo alikifunika na kisahani, akakiweka juu ya ukuta mfupi karibu na ua, upande wetu, akaniita: "Utakunywa?" Nikasema: "Aksanti, Directeur, nilishashiba." Alisema "Sawa," bila kununa. Jua likipanda, alimwagia mti wake wa limau. Kesho yake tena: "Utakunywa?" Miaka na miaka. Nilifikiri ni heshima za watu wa zamani, kama vile kuaga mara tatu kabla ya kuondoka. Tena nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba kama angenipenda kidogo asingenitakia kitu kile.

Koko naye hakunisaidia kuelewa. Nilijua kwamba wakati wa kukimbia walikuwa kundi moja, yeye na Directeur na watu wengine wa mtaa. Zaidi ya hapo, kimya. Nikiuliza, alifunga mdomo kama anavyofunga mkoba wake. "Mambo ya pori ibaki ku pori," alisema, akaanza kufagia mahali palipofagiliwa.

Basi, asubuhi ile ikafika.

Wao walikuja mapema, wanaume wenye makoti na fimbo, mbele yao baba mukubwa wa Josué, muzee mkubwa wa mwili, aliyetembea polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe wake jioni. Desturi inasema msichana akae ndani. Nilikaa ndani, lakini pazia letu lina tundu, na jicho langu lilikuwa pale. Nikamwona Directeur akiingia. Koti la shule. Viatu vimepakwa rangi, vinang'aa, bila soseti. Na mkononi, jamani, nini hicho? Kile kikombe kidogo cha bati, kimefunikwa na kisahani. Harufu ikaja mpaka nyuma ya pazia, ile ile, ya gunia. Nikasema moyoni: nimekwisha. Hata leo hakuweza kuniacha. Atakunywa vitu vyake mbele ya wakwe zangu.

Wakatoa kibuyu. Kijana wao alipiga magoti, akamkabidhi Directeur kwa mikono miwili. Directeur akapokea kwa mikono miwili, vizuri, kama inavyotakiwa. Akakiweka magotini. Hakunywa.

Nje barabarani pikipiki ikapita, ikaisha. Yule baba mukubwa akakohoa.

"Papa," akasema, "kuko nini? Maziwa yetu inanuka?"

"Haina mubaya," Directeur akajibu. "Lakini maziwa iko na mwenyewe."

Nilishika pazia, karibu lianguke. Niliona fimbo moja ikisogea. Niliona Koko ameinamisha kichwa.

"Mbele nikunywe ya kwenu," Directeur akaendelea, "mujue mutoto wenu alikunywa ya nani."

Akaondoa kisahani. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti na kutoa soseti moja, ya zamani sana, si nyeupe tena, imekuwa na rangi ya chai. Akailaza juu ya goti kama kitambaa cha altare. Halafu akasema, na hakusimama wala hakuinua kidole:

"Tulikuwa mu pori. Mama yake alishakufa, tulimuzika na mikono. Huyu mutoto iko ku mugongo ya Koko yake, analia, na sauti yake inaanza kupunguka. Moto hatuwezi kuwasha. Moshi itaonekana, na wenye kuonekana walikuwa wanakufa. Ng'ombe yote ilishaenda na wenye kuiba. Mwanamuke wa kunyonyesha hakuna. Mu mufuko yangu muko karanga mubichi, zile nilikuwa natafuna ku bureau. Nikatwanga na jiwe, nikatia maji ya mutoni. Lakini mutoto mudogo hivi hawezi kumeza makapi, atakabwa. Na kitambaa kisafi hatuna. Nguo zetu zote ni damu na matope. Nikavua kiatu."

"Soseti ya mu mguu?" Baba mukubwa hakujizuia.

"Weye unajua ingine?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akajishika mdomo.

"Ilikuwa mupya," Directeur akasema, kama anayejitetea. "Ile siku tulikuwa tunangojea inspecteur ku shule, nikavaa nyeupe. Niliifua mu mutoni, nikaifua, nikaifua. Nikachuja. Nikamutilia ku ulimi na kidole."

"Akakunywa?"

"Alikunja uso. Akatapika juu ya shati yangu. Nikamupatia tena, akatapika tena. Halafu akakunywa. Kila asubuhi hivyo, siye wote tunakula majani na karanga bila moto, na yeye anakunywa, mpaka tulifika kwa watu wenye kuwa na maziwa." Akasukuma kikombe mbele. "Njo hii."

Koko alikuwa amefunika uso na kitenge chake. Mimi nilikuwa nimekaa chini, sijui nilikaa saa ngapi. Nilikuwa najishika mdomo, ule mdomo wangu uliosema nimeshiba miaka yote.

Baba mukubwa alikitazama kikombe. Akakichukua. Mtu wa ng'ombe, mtu aliyekunywa maziwa mazuri tangu kuzaliwa, akaonja. Uso wake ulijikunja wote, kutoka kidevu mpaka kipaji.

"Mungu wangu," akasema. "Na mutoto akaishi?"

"Ule pale nyuma ya rideau. Anatuchunguza tangu mumefika."

Hapo nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na mimi nyuma ya pazia nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi na machozi, si mambo ya bibi arusi. Baba mukubwa alipanguza midomo na mkono wa koti, akangoja watulie.

"Kwetu kunakuwaka ng'ombe ya mama," akasema. "Ya kushukuru maziwa mutoto alinyonya. Tulisikia mama hakuna, tukaiacha ku nyumba. Tulikosa. Tutaileta."

"Kwa nani?" Koko akauliza ndani ya kitenge.

"Kwa mama." Akanyoosha fimbo yake kumwelekea Directeur. "Ule wa soseti."

Directeur alikunja midomo, akatazama viatu vyake. Halafu akakiinua kile kibuyu na kunywa. Hakuonja tu kwa heshima, hapana, alikunywa muda mrefu, koo linapanda na kushuka, na alipokiteremsha povu jeupe lilikuwa kwenye mustashi yake, juu ya mdomo.

"Iko muzuri," akasema, na sauti ya mtu anayeungama.

Mchana ule ule tumbo lake, lililosahau maziwa ya ng'ombe, lilimchapa vibaya. Tulimsikia akiguna upande wa pili wa ua. Koko alimpelekea chai ya moto na akainywa yote bila mafundisho. Na tangu siku hiyo vijana wa moto hawakumwita Papa tena. Walimwita Mama Directeur, wakipita wanapiga honi, naye anawatishia na kijiko.

Sasa ninakaa Mongbwalu. Josué anatengeneza pikipiki, mimi ninapikia wachimba dhahabu, wanaoomba kanisani na wanaoomba msikitini, wote wana njaa moja. Vitambaa vya meza ninavyo, vya plastiki lakini vina maua. Pazia bado. Barabara ni mbaya na siji Bunia kila ninapotaka.

Mara ya mwisho nilipokuja nilifika kwake asubuhi. Ile ng'ombe ya mama ilikuwa imefungwa nyuma ya nyumba, na ndama wake chini, anavuta chuchu kwa fujo, povu pande zote za mdomo. Majirani walinieleza kwamba Directeur hajawahi kumkamua hata kikombe kimoja. Wanamwambia anapoteza mali. Anawajibu iko na mwenyewe.

Alikuwa kwenye kiti chake. Amezeeka upesi. Kinu kipo mbele yake, karanga zimelowa, lakini mikono inatetemeka na mchi unagonga pembeni tu. Sikumwuliza. Nilichukua mchi, nikakaa chini, nikatwanga. Harufu ikapanda, ile ile, ikanikaa kooni kama zamani. Ndoto zangu zote zikasogea pembeni kuipisha. Niliongeza maji, nikamimina ndani ya soseti, nikaikamua. Ilikuwa baridi na yenye kuteleza, kama kushika mguu wa mtu aliyekufa maji. Nilijaza kikombe kikubwa. Halafu nikatafuta kile kidogo cha bati, nikakijaza nacho.

"Utakunywa?" akauliza, kama asubuhi zote.

Nilikunywa. Jamani, sitakudanganya kwa sababu ya machozi ya siku ile. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa na ladha ya udongo na maharagi mabichi na nguo, yote pamoja, ikapita kwenye ulimi polepole kana kwamba inatafuta mahali pa kukaa, na makapi madogo yakabaki nyuma ya meno. Mwili wangu wote ulisema itoe. Nikaimeza.

"Ni mubaya, Directeur," nikasema. "Ni mubaya sana."

"Najua."

"Unajua?"

"Unafikiri mi sina ulimi?" Alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. "Tangu mu pori mpaka leo, sijaipenda hata siku moja."

"Basi juu ya nini unakunywaka?"

Alinyoosha kidole kile cha ubaoni, kikitetemeka, akanigusa kati ya nyusi, mahali uso wangu ulipokuwa bado umejikunja.

"Ulikuwa unafanya hivi hivi," akasema. "Lakini ulikunywa."

Akagonga kikombe chake na kijiko, akafunga macho, akameza yote.

"Ahaa," akasema.